Kukata Jina kwa Silabi: Jinsi Irabu za Kiitaliano Zilivyofika Mpakani Kwetu

Leo kwenye makala zetu za historia tunashika jambo ambalo wengi hudhani ni la watoto wa shule tu: kukata neno kwa silabi, na kujua mkazo unakaa wapi.

Swali lilianzia kwa wenzetu walioanza kujifunza Kiitaliano. Kuna mpango wa vyuo vikuu vya Italia unaoitwa UNICORE, ulioanza mwaka 2019 kwa wanafunzi wakimbizi waliokuwa Ethiopia, na baadaye ukafungua mlango kwa nchi nyingine za Afrika. Ndiyo maana siku hizi ukipita kwa vijana wetu unasikia mtu ananong'ona "buongiorno" huku anaosha vyombo. Wakatuuliza: mbona Kiitaliano ukikisoma ni kama unasoma Kiswahili, herufi zinatii, lakini ukifungua mdomo wenyewe wanakusahihisha? Tulipolifuatilia swali hilo tukakuta kitu hatukukitegemea. Irabu za Kiitaliano zilifika kwenye mpaka huu kabla yetu sote. Zimo kwenye ramani, zimo kwenye vitabu, na zimo kwenye majina yetu kila karani anapoyaandika.

KWANZA, KIITALIANO CHENYEWE

Kiitaliano kina herufi tano za irabu kama sisi: a, e, i, o, u. Maneno yake mengi huishia na irabu, na mara nyingi mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. A-MI-co ni rafiki. La-vo-RA-re ni kufanya kazi. Sasa hapo mtu wa Kiswahili anajiona yuko nyumbani, kwa sababu na sisi tunasema ra-FI-ki, ki-TA-bu, To-RO-ro.

Lakini wapi! Ukienda mbele kidogo unakutana na simu, ambayo kwao ni te-LE-fo-no, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Mji tunaouita Na-PO-li, wenyewe wanauita NA-po-li. Genova ni GE-no-va. Halafu kuna maneno ambayo mkazo umeenda mwisho kabisa, na hayo huandikwa na alama juu ya irabu ya mwisho: città, yaani mji, na università, yaani chuo kikuu. Alama hiyo ya mwisho ni lazima kuiandika. Ile ya katikati kwa kawaida haiandikwi, unatakiwa uijue mwenyewe au ufungue kamusi.

Na si pambo tu. Chukua neno "capitano". Ukisema CA-pi-ta-no, umesema "wanatokea". Ukisema ca-pi-TA-no, umesema "nahodha". Ukisema ca-pi-ta-NO, ambalo huandikwa capitanò, umesema "aliongoza". Mwandiko karibu uleule, watu watatu tofauti.

Msicheke, na sisi tunayo. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, lakini ba-RA-ba-ra ni sawasawa, vizuri kabisa. Wa-la-KI-ni ni kasoro, lakini wa-LA-ki-ni ni "lakini". Maneno ya namna hii kwetu ni machache, yanahesabika kwa vidole. Kanuni yenyewe haichoki: silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo unahama nalo. PI-ga, pi-GA-na, pi-ga-NI-sha. NYU-mba, nyu-MBA-ni.

Kwenye kukata silabi ndipo tunapoachana na Waitaliano. Kuna mambo matatu.

La kwanza, wao wakiandika konsonanti mbili zinazofanana, wanazitamka kweli, na wanazikata katikati. Nonno, babu, hukatwa non-no. Ukiifanya nyepesi inakuwa nono, yaani "wa tisa". Wenzetu waliokulia Uganda hili hawashangai, kwa sababu Luganda nayo ina okuta, kuachilia, na okutta, kuua. Hapo kukosea konsonanti moja ni hatari kidogo!

La pili, "s" ikifuatwa na konsonanti nyingine, Mwitaliano haitenganishi nayo. Dirisha ni fi-NE-stra, si fines-tra.

La tatu ndilo kubwa kwetu. Mwitaliano akiona "n" au "m" kabla ya konsonanti nyingine, hukata hapo katikati: can-to, wimbo, cam-po, shamba. Sisi hatukati hapo. Tunasema ka-mba, nyu-mba, m-to-ndo. Na ndugu zetu wa Burundi wana majina yanayotaka pumzi. Chukua jina la Sylvestre Ntibantunganya, aliyekuwa rais wa Burundi kuanzia 1994 hadi 1996. Mrundi analikata hivi: Nti-ba-ntu-nga-nya. Silabi tano, zote zimeishia na irabu, hakuna shida. Mtu aliyesomea Kizungu analikata Nti-ban-tun-gan-ya, na hapo jina limeshavunjika mifupa.

Waitaliano nao wana neno lao la kutishia wageni: precipitevolissimevolmente, herufi 26, maana yake "kwa kukurupuka kupita kiasi". Dawa yake ni ileile. Tafuta irabu, kata baada ya kila irabu, kisha rekebisha pale ambapo konsonanti mbili zinagawana: pre-ci-pi-te-vo-lis-si-me-vol-men-te. Silabi 11, mkazo kwenye men. Ukisema polepole mara tatu, mara ya nne linatoka lenyewe.

SASA IRABU HIZO ZILIFIKAJE HUKU?

Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Ni hati nzuri, imebeba tenzi na barua na hesabu za biashara. Ila ina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Msomaji alipaswa kulijua neno kwanza ndipo alisome. Kwa mtu aliyezaliwa Lamu au Mvita hilo si tatizo. Kwa mgeni, ni ukuta.

Wamisionari walipokuja na herufi za Kirumi walikuwa na shida ya upande wa pili. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na lugha yenyewe akaiandika "Kisuaheli". Waingereza ndio walikuwa na kazi zaidi, maana herufi zao hazina msimamo. Herufi "a" kwao husomwa hivi leo na vile kesho. Wakisikia "u" wanaandika "oo", wakisikia "i" wanaandika "ee". Kwa hiyo Zulu liliandikwa Zooloo, na Fiji likaandikwa Feejee.

Mwaka 1885 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikatoa kanuni za kuandika majina ya mahali. Kiini chake kilikuwa kifupi: irabu zisomwe kama Kiitaliano, konsonanti zisomwe kama Kiingereza. Zooloo ikafa, Zulu ikabaki. Kanuni hiyo ikaongeza kwamba alama za mkazo zisitumike ovyo, ila pale ambapo silabi moja inasikika kwa nguvu sana iwekewe alama ya mshazari juu. Mifano yao ilitoka mbali, kama Galápagos na Saráwak. Wazo hilo la irabu za Kiitaliano halikuzaliwa siku hiyo. Wamisionari walishakuwa wanalitumia kwa lugha nyingi ambazo hazikuwa na maandishi. Lakini tangu hapo likawa sheria ya ramani.

Ndiyo maana leo tunaandika Busia na si Boosea, Tororo na si Tororroh. Unaposoma kibao cha barabarani Bu-SI-a na sauti inatoka sawa, ujue kuna Mwitaliano mmoja asiyeonekana amesimama nyuma ya kibao hicho.

Halafu angalia kinyume chake. Kenya iliandikwa sawasawa kwa kanuni hiyo, lakini walowezi wengi waliisoma "Kiinya" hadi uhuru wa 1963. Karatasi ilikuwa sahihi, mdomo ukakataa. Na jina Uganda nalo ni somo. Wenyewe husema Buganda. Misafara ya biashara kutoka pwani ililitamka kwa kiambishi cha Kiswahili, u-, kama Unyamwezi na Ukamba, na Waingereza wakalichukua hivyohivyo kutoka mdomoni mwa Waswahili. Silabi ya kwanza ya nchi nzima iliamuliwa na wapagazi na wakalimani!

MPAKA NA LUGHA YA KAMATI

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Hadi mwanzoni mwa 1902, mahali ambapo leo ni Busia ya Kenya palikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakauhamishia upande wa Kenya kwa amri ya karatasi, na mstari wa mpaka ukaja kupita kwenye mito kama Sio na Malaba. Wasamia wakajikuta huku na huku. Wateso vilevile. Hakuna aliyehama, mstari ndio uliohama.

Juu ya mstari huo ikaja lugha ya kamati. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, Kiswahili cha Unguja mjini, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake ilikuwa tahajia, kamusi na kukagua vitabu vya shule. Kwa maneno mengine, watu wachache walikaa chini wakaamua neno litaandikwaje kwa watoto wa nchi nne.

Lakini Uganda haikukipokea kama wenzake. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike shuleni na serikalini. Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929. Mvutano ukaenda miaka mingi. Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa sababu kilikuwa mdomoni mwa askari, raia wengi wakakiogopa. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali kukitumia kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kifundishwe shuleni. Kwa hiyo ukiona mama wa sokoni Tororo anakuelewa kila kitu lakini hapendi kujibu kwa Kiswahili, usimwone ana dharau. Lugha hiyo ina historia kwenye masikio yake.

Huku kamati zikibishana, watu wa Busia walikuwa kazini. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli walibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la mpaka. Neno hilo kwa Mwingereza lina "r" mbili ambazo hata yeye hazitamki sawasawa. Vijana wakalikata kwa silabi za kwetu, bo-da, mkazo pale pale kwenye ya pili kutoka mwisho, wakalirudia mara mbili, na limetoka hapa likaenda Kampala, Nairobi, Kigali, Juba. Leo liko kwenye kamusi za Kiingereza. Hakuna mkutano uliopitisha boda boda. Lilipita lenyewe.

MKAZO UNAPOGEUKA MTEGO

Sasa tufike pale panapouma. Kuna wakati namna ya kukata neno imekuwa kipimo cha nani abaki na nani aondoke.

Kwenye Biblia, Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi". Waefraimu hawakuwa na "sh", wakasema "Sibolethi", na wakauawa palepale. Huko Sisilia, mwaka 1282, wenyeji walipowaasi Wafaransa, inasimuliwa kwamba waliwatambua kwa neno "ciciri", yaani dengu, ambalo Mfaransa hakuweza kulitamka. Wafaransa hupeleka mkazo mwisho, na Wasisilia huuweka mwanzo. Mwaka 1937 kwenye mpaka wa Haiti na Jamhuri ya Dominika, maelfu ya Wahaiti waliuawa, na neno linalokumbukwa ni "perejil", yaani kotimiri, kwa sababu ya "r" yake.

Mnaona mahali? Kivuko, mpaka, kisiwa chenye wageni. Mtego wa matamshi hutegwa pale watu wanapofanana sana kwa macho hadi inabidi kutumia masikio.

Sisi hatusemi Busia iko hivyo. Tunasema sote tunajua ile nusu dakika mtu anapokusikiliza neno lako la kwanza, kisha anauliza, "Wewe ni wa wapi?" Mkongo akisema "minaenda", Mrundi akigeuza "l" kuwa "r", Mdinka akimaliza neno kwa konsonanti bila irabu, anayesikiliza anakuwa ameshamaliza kuhukumu.

Lakini historia ya hapa inatupa jibu. Miaka ya Amin, Waganda walivuka kwenda Kenya wakiwa wakimbizi, na lafudhi yao ndiyo iliyochekwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya kwa maelfu walivuka hapahapa Busia na Malaba kuja Uganda, wakapokewa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na wengi wao baadaye wakapelekwa Kiryandongo. Kwenye mpaka huu kila lafudhi imeshawahi kuwa ya mwenyeji na imeshawahi kuwa ya mkimbizi. Anayekucheka leo, baba yake alichekwa upande wa pili.

Na ile kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo mtu anaitumia kukupima? Ilitembezwa huku na wapagazi, askari, mafundi wa reli, walimu na kamati. Wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Mkazo hauko kwenye damu. Ni kitu cha kujifunza, na kila mtu hapa, mwenyeji na mgeni, alijifunza kwa mtu mwingine.

JINA LAKO DIRISHANI

Turudi kwenye ile kanuni ya 1885, maana bado inafanya kazi. Iliandikwa ili Mwingereza aweze kusoma majina ya watu wengine. Mwenye jina hakuulizwa. Na kuna vitu iliviacha nje: urefu wa irabu, toni ya Kirundi na Kinyarwanda, zile irabu za Kiteso za mwisho wa neno zinazotoka kama pumzi tu. Karatasi ikabeba nusu ya jina. Nusu nyingine ilibaki mdomoni mwa mwenyewe.

Hilo linatugusa kila siku. Tumeona familia moja ambapo kaka ameandikwa kwa "Nsh", dada kwa "Nish", na mtoto kwa "Sh". Mmoja aliandikwa na mtu anayesikia kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza, wa tatu alikuwa na haraka. Siku cheti cha shule kinapolinganishwa na kitambulisho, hao si ndugu tena. Mgao unasimama, fomu ya chuo inarudi, na wewe unaambiwa uthibitishe kwamba mama yako ni mama yako.

Kwa hiyo tumekubaliana kwenye kundi tufanye hivi. Kila mmoja ana kadi ndogo. Mstari wa kwanza, jina lake kama lilivyo kwenye hati yake ya kwanza kabisa, herufi kwa herufi. Mstari wa pili, jina hilohilo limekatwa kwa silabi, na kistari chini ya silabi yenye uzito. Ukifika dirishani, usiseme jina lote kwa pumzi moja halafu unyamaze. Mpe kadi, kisha lisome polepole, silabi kwa silabi, na umwombe akusomee alichoandika kabla hajapiga muhuri. Kwa heshima tu: "Samahani mzee, naomba unisomee." Karani wengi hawana ubaya, wana foleni ndefu.

Tumewasaidia tayari wadogo zetu wanaoanza shule muhula huu. Mmoja wao, jina lake lina silabi saba, alilikata mwenyewe bila kusaidiwa, akahesabu kwa vidole, akatuambia, "Kumbe si refu, ni saba tu."

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Sisi tunaongeza kwamba liandikwe sawa kwanza. Leo jioni kata la kwako, uliandike hapa chini kwa silabi, na useme mkazo uko wapi. Wale wa Kiitaliano, nyinyi mtaandika mawili: la kwenu, na lile la silabi 11.